Mnunuzi Akija Nyumbani

(Mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wahitimu wa kisomo. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo hatuzungumzi juu ya pamba. Tunazungumza juu ya kuuza nyumba. Lakini tutaanza na ng'ombe, kwa sababu hapa kwetu kila mtu anajua kuuza ng'ombe mnadani. Mnunuzi anampapasa ng'ombe mgongoni, anataja bei ndogo, anaondoka, anarudi. Wewe umesimama na fimbo yako. Huna haraka. Asiponunua huyu atanunua yule, na mnada mwingine utakuwapo.

Basi ajabu ni hii. Mtu huyo huyo anayebishana nusu saa kwa ajili ya shilingi 20,000 za ng'ombe, akifika kwenye nyumba anakubali bei ya kwanza! Nyumba ya tofali za kuchoma, yenye bati, imejengwa kidogo kidogo kwa miaka 10, inauzwa asubuhi moja. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi amekuja na fedha taslimu, amezipanga mezani. Macho yakiona fedha nyingi kiasi hicho, kichwa kinaacha kuhesabu.

Na mara nyingi muuzaji ana shida. Kuna mgonjwa, kuna ada, kuna deni. Mnunuzi mjanja anaanza na swali la upole: "Mzee, mbona unauza nyumba nzuri hivi?" Ukimwambia kwamba mtoto analazwa kesho na fedha huna, umekwisha mtajia bei. Hatusemi umdanganye. Sema tu, "Ni mambo yetu ya nyumbani," kisha mkaribishe akague vyumba.

Kabla ya bei, nyumba ni ya nani?

Hapa wengi hukwama. Mmekwisha kupatana, mnunuzi ametoa fedha, halafu mama wa nyumbani anasema hakuambiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo kaeni wawili, mkubaliane bei ya kutaja na bei ya mwisho, kabla mgeni hajapiga hodi. Ikiwa nyumba ni ya marehemu, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa hawezi kuiuza kwa ukubwa wake tu.

Na kama nyumba iko kwenye ardhi ya kijiji, kuna jambo jingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inataka halmashauri ya kijiji iidhinishe. Si mwenyekiti peke yake kwa muhuri wake mfukoni. Ni halmashauri, katika kikao, na kikao kinaandikwa. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema tangu mwaka 1985 kwamba uuzaji wa ardhi ya kijiji bila kibali hicho ni batili. Fikirini maana yake. Umekula fedha ya watu, umeezeka nyumba nyingine, halafu unaambiwa mauziano hayakuwapo. Basi mwambie mnunuzi mapema: "Tukipatana bei, tunakwenda halmashauri pamoja."

Mjini, penye viwanja vilivyopimwa, kazi hiyo inapitia ofisi ya ardhi. Pia ulizeni TRA juu ya kodi ya faida kabla hamjataja bei. Wapo waliopatana vizuri sana, kisha wakagombana kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayelipa kodi.

Bei inatoka wapi?

Bei haitoki kwenye hasira wala kwenye mapenzi. Wewe unaipenda nyumba kwa sababu watoto wako walizaliwa humo. Mnunuzi hailipii sababu hiyo. Uliza nyumba za jirani zimeuzwa kiasi gani, si zinatajwa kiasi gani. Hesabu tofali, bati, milango, kisima, umeme. Mkiweza, mwiteni mthamini.

Halafu kuna jambo la huku kwetu hasa. Nyumba iliyo mahali pa machimbo, bei yake inafuata machimbo. Mgodi wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Watu wameongezeka, na wanaotafuta viwanja ni wengi. Upande wa Kahama, mgodi wa Buzwagi ulianza mwaka 2009, ukasimamisha uzalishaji mwaka 2021. Tena kuna rashi za wachimbaji wadogo. Duara moja likitema, mwezi mmoja chumba kinagombaniwa, miezi sita baadaye wapangaji wamehama na magodoro yao. Kwa hiyo bei ya jirani aliyeuza wakati wa rashi si bei yako ya leo. Wala bei ya jirani aliyeuza baada ya rashi kwisha si bei yako wakati rashi imerudi.

Watu watatu wamekuja

Tuchukue mfano. Mama mmoja anauza nyumba. Bei anayotaja ni shilingi 20,000,000. Moyoni, yeye na mumewe wamekubaliana kwamba chini ya 16,000,000 hawauzi. Wanakuja wanunuzi watatu.

Wa kwanza ni mchimbaji. Anasema, "Mama, nakupa milioni 19. Leo chukua 4, nyingine nitakupa nikitoa mzigo."

Wa pili ni mwalimu. Anatoa 16,500,000, zote kupitia benki, lakini anangoja mkopo wake kwa wiki 6.

Wa tatu ni mfanyabiashara. Ana 14,000,000 ndani ya begi. Anasema, "Tumalize sasa hivi."

Nani ametoa bei kubwa? Wengi wenu mmesema mchimbaji. Haya, tuhesabu. Mchimbaji ana milioni 4 mkononi na milioni 15 zilizo chini ya ardhi, ndani ya mwamba, na hakuna anayejua kama zipo. Hatuwadharau wachimbaji. Ni ndugu zetu na watoto wetu. Lakini mzigo wa dhahabu hauna tarehe. Mama anaweza kumjibu hivi: "Mwanangu, bei yako nimeipenda. Tuandike tarehe ya mwisho ya kulipa. Ufunguo nitakupa siku ya shilingi ya mwisho." Akikubali, ni mnunuzi. Akikataa, alikuwa anatafuta nyumba ya kukaa kwa milioni 4.

Mfanyabiashara naye, tofauti yake na mwalimu ni 2,500,000. Hiyo ndiyo bei ya kungoja wiki 6. Swali la mama ni moja tu: je, shida yangu inaweza kungoja wiki 6? Kama inaweza, kwa nini atupe 2,500,000? Kama haiwezi, na mgonjwa yuko hospitali, hatuna haki ya kumcheka akichukua ya begi. Lakini hata hapo asikubali 14 palepale. Wao walisema 16 ndiyo ya mwisho. Mtu aliyebeba begi la fedha hapendi kurudi nalo usiku.

Sisi tungemfuata mwalimu, na tungemwomba aongeze. Namna ya kuomba ni hii.

"Mwalimu, karibu sana. Umefika 16 na nusu. Mimi nilikuwa 20. Nimeshuka, sasa ni 19."

"Mama, mkopo wangu ni mdogo."

Hapo nyamaza. Mimina chai. Wauzaji wengi hushindwa hapa. Kimya kinawauma, wanajipunguzia bei wenyewe kabla hawajaombwa. Akisema 17, wewe shuka hadi 18 na laki 5. Baadaye shuka laki 2 tu. Hatua zikiwa fupi, mnunuzi anaona mwenyewe kwamba chini ni karibu. Na kila ukishuka, omba kitu: "Nikipunguza hii, malipo ya wakili yatakuwa yako." Au, "Nitakuachia tangi la maji, wewe ongeza laki 3." Wakimalizana kwenye 17 na kidogo, wote wawili watalala.

Usizue mnunuzi wa uongo. Wako wanaosema, "Jana mtu alitaja milioni 22." Huku kwetu watu wanajuana. Mwalimu atauliza, na akigundua, atakutoza uongo huo kwenye bei.

Dalali, na habari za dhahabu

Dalali anaweza kukusaidia kwa kuwa anajua wanunuzi. Patana naye malipo yake kwanza, kwa maandishi. Kisha angalia cha juu. Wewe unataka 17, yeye anamwambia mnunuzi 19, na siku ya malipo hamruhusiwi kuonana. Dawa yake ni rahisi: muuzaji na mnunuzi wakae meza moja.

Sasa dhahabu. Ukisikia mtu anatoa bei kubwa mno kwa nyumba ya udongo, anaitazama sakafu kuliko bati, ujue anawaza mwamba. Kwa sheria zetu madini yaliyo ardhini ni mali ya taifa, na kuchimba kunataka leseni. Wewe unauza nyumba na haki yako ya kutumia ardhi. Usikubali upewe nusu ya bei pamoja na ahadi ya fungu katika duara ambalo halina leseni. Vilevile usimuuzie mgeni hadithi kwamba chini ya jiko lako kuna dhahabu.

Yaliyo kweli yaseme, hata yakipunguza bei. Kama uani palikuwa na karasha au mlikuwa mkichoma zebaki, sema, maana zebaki ni sumu na mnunuzi ana watoto. Kama kuna shimo la zamani lililofukiwa, mwonyeshe. Kama nyumba ina alama ya X ya barabara, huwezi kuificha kwa chokaa.

Malipo

Mkataba wa mauziano uandikwe, uwe na majina, mipaka, bei, tarehe na mashahidi. Fedha zipite benki. Anayelipa taslimu, mkutane ndani ya benki, zihesabiwe na mashine. Noti bandia zipo. Ujumbe wa simu unaosema fedha zimeingia si fedha. Nenda benki uulize salio.

Maswali

Mama mmoja aliuliza: mnunuzi akitoa arabuni kisha akaghairi, je, anairudisha? Tulijibu kwamba inategemea mlichoandika. Andikeni siku ile ile ya kupokea: akighairi yeye itakuwaje, ukighairi wewe itakuwaje. Msipoandika, mtakutana barazani.

Mzee mmoja alisema, "Mimi nasoma polepole. Mkataba una kurasa 4 na mnunuzi ana haraka." Mzee wetu, soma polepole vivyo hivyo. Ukichoka, mjukuu asome kwa sauti, wewe ufuatilie kwa kidole. Usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo sehemu ya bei iko wazi. Mnunuzi apewe kigoda, akae, angoje.

Wa mwisho aliuliza juu ya mahindi yaliyo nyuma ya nyumba. Nayo yaandikwe: anavuna nani, na kabla ya tarehe gani. Pamoja na mahindi, andikeni mita ya LUKU, deni la maji, na mlango wa chuma kama unabaki au unaondoka nao.