Mtoto wa Mjini Akifika Gatete



Kijana aliyekulia Bujumbura kwenye nyumba ya kitajiri, akihamia hapa Gatete, anakuta ndoo ya maji, ndagala na shamba la michikichi. Tusimcheke jamani.

Wengi wetu tulikimbia mwaka 1972. Watoto tuliowazaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, waliporudi, walionekana wageni kwa Kiswahili chao. Kidonda hicho tunakijua.

Musa alilelewa nyumba ya Farao. Kule Midiani alikaribishwa chakula kwanza, ndipo akachunga kondoo.

Basi wazazi, mpeni sahani, kisha mfundisheni pole pole kuanika ndagala. Akichekwa, atakimbia. Akishikwa mkono, atakuwa wa kwetu. Amina!