Njia ya Malindi Hata Mombasa

Jioni ya leo twawaomba mfuatane nasi katika njia ya pwani ya Kenya itokayo Malindi kwenda Mombasa. Urefu wake ni kilomita 120 hivi, yaani kama maili 75, na gari huimaliza kwa saa mbili au zaidi kidogo. Wengi wenu mmeipita, na katika hao wengi wameipita hali wamelala. Sisi tuliipita pamoja na vijana wetu wanaojifunza ualimu, tukapatana na dereva kwamba atasimama kila tutakapomwomba. Safari ya saa mbili ikawa safari ya siku nzima, wala hatukujuta.

Tuliondoka Malindi mapema, mashua za wavuvi zikitoka kwa upepo wa umande. Mji huu umezoea wageni tangu kale. Mwaka 1415 wajumbe wake walifika China na twiga awe zawadi kwa mfalme wa nchi ile; na mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa, akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Lakini hatukukawia Malindi, maana tulikuwa na haja ya kuwaona jirani zake waliokufa.

Jirani wa kwanza ni Gedi, mwendo wa kilomita 16 hivi. Hapa mtu huacha barabara, akaingia chini ya miti mikubwa, na mara aona kuta. Ni mji mzima ndani ya msitu: msikiti mkubwa, jumba la mfalme, nyumba za matajiri, visima virefu vya mawe, na kaburi moja lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijra, ndio 1399 wa Masihi. Watu waliuhama katika karne ya 17. Wataalamu wametaja sababu nyingi, kama vita, kuharibika kwa biashara, na maji ya visima kushuka chini. Huenda zote zilishirikiana. Tangu mwaka 2024 Gedi imo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kijana mmoja akatuuliza, "Mwalimu, ni wageni gani waliojenga mji huu?"

Tukamjibu, "Kabla hujauliza ni wageni gani, uliza kwanza kama walikuwa wageni." Tukawaonyesha kuta: mawe ni ya matumbawe ya pwani hii hii, na chokaa yake ilichomwa hapa hapa. Tukawaambia wapime vyumba kwa hatua. Vyote ni virefu na vyembamba. Kwa nini? Kwa sababu dari ilishikwa na boriti za mikoko, na boriti hazifiki mbali. Basi mti wa hori ndio uliompimia mjenzi upana wa chumba chake. Zamani vitabu vilisema kwamba miji hii ilijengwa na Waarabu na Waajemi tu. Lakini wachimbaji wa mambo ya kale walipochimba chini ya mji wa mawe wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, walikuta alama za nyumba za miti na udongo. Mji wa mawe ulikua kutoka kijiji cha wenyeji, kama mti ukuavyo kutoka mbegu.

Kijana alinyamaza. Hatukujua wakati ule kwamba mfukoni mwake alikuwa na kitu.

Tukashika njia tena. Mkono wa kuume ulikuwa msitu wa Arabuko-Sokoke, na mkono wa kushoto, mbele kidogo, hori la Mida na mikoko yake. Vijana wakaitazama mikoko ile kwa macho mapya, maana walikwisha kuona kazi yake huko Gedi.

Kilifi tulivuka hori kwa daraja refu lililofunguliwa mwaka 1991. Maji yake ni ya buluu, na mashua juu yake huonekana ndogo kama maganda ya nazi. Upande wa kusini, juu ya jabali, pana magofu ya Mnarani, jirani wa pili aliyekufa. Hapo tulimkuta mzee ameketi kivulini, tukamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba. Akatuambia, "Wajukuu zangu, zamani hapa hapapitwi mbio. Mtu alingoja feri, na katika kungoja alinunua korosho, akauliza habari za watu wa ng'ambo. Daraja ni jema, mgonjwa hafi tena akingoja. Lakini siku hizi mwapita juu ya vichwa vyetu, wala hamtujui."

Maneno hayo tuliyachukua garini, na kwa kitambo hapana aliyesema. Tukapita njia ya Takaungu, walikokimbilia Mazrui wengine baada ya kushindwa Mombasa mwaka 1837, tukapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, hata tukafika Jumba la Mtwana, jirani wa tatu. Gofu hili limekaa ufukoni kabisa, na mawimbi husikika msikitini. Misikiti yake ni minne, na hapo ndipo vijana walipoona jinsi watu wale walivyokuwa wengi.

Tukaketi chini ya mbuyu, tukawasimulia habari iliyotangazwa mwaka 2023. Wataalamu walichunguza mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, na mengine yalikuwa ya Mtwapa, karibu sana na hapo tulipoketi. Wakaona kwamba kwa upande wa akina mama wengi walikuwa Waafrika, na kwa upande wa akina baba wengi walitoka Uajemi. Basi waliosema "wageni tu" walikosa, na wanaosema "hapakuja mgeni" nao wamekosa. Baba alikuja na jahazi; mama alikuwa nyumbani, na lugha ya nyumbani ikabaki lugha ya mama.

Ndipo kijana yule akasimama, akatia mkono mfukoni, akatoa kigae cha sahani, cheupe chenye maua ya buluu. "Mwalimu," akasema, "nilikiokota Gedi. Nilitaka kuwaonyesha watoto darasani. Nilidhani hakina mwenyewe."

Hatukumkemea mbele ya wenziwe, maana nia yake ilikuwa njema. Tulimwambia tu kwamba kigae kikiwa mahali pake humwambia mchimbaji ni nyumba gani iliyokula katika sahani ya China, na katika wakati gani. Kikiwa mfukoni hakisemi neno. Tena sheria yakataza. Kila mgeni akichukua kimoja, ukurasa mmoja wa kitabu chetu umechanwa. Juma lililofuata alikirudisha mwenyewe, akawaonyesha walinzi mahali alipokiokota.

Hori la Mtwapa tulilivuka kwa daraja pia. Zamani kivuko chake kilivutwa kwa mnyororo na mikono ya wanaume, wakiimba. Karibu na Nyali tukasimama Kengeleni, mahali palipopewa jina kwa ajili ya kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa, kilichoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870. Wazee husimulia kwamba kengele ile ilipigwa kuwaonya watu, majahazi ya watumwa yalipoonekana. Watu wa kijiji kile waliletwa kutoka kila upande, wengine hata majina ya kwao wameyasahau, wakajenga mji tena. Tukawaambia vijana, "Hawa nao ni wazazi wa pwani."

Jua lilikuwa linashuka tulipovuka daraja la Nyali, la mwaka 1980, tukaingia Mombasa. Mji huu umepigwa na wengi. Wareno waliujengea ngome tangu mwaka 1593, lakini haukufa kama Gedi. Jina la bandari yake lasema sababu moja: Kilindini, penye kilindi, meli kubwa huingia. Na tangu reli ilipoanza kujengwa hapa mwaka 1896, mji umeshikana mkono na bara, hata leo mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo hupita mlangoni mwake. Mji huishi kwa maji yake na kwa jirani zake.

Wasikilizaji, mkiipita njia hii, msilale. Simameni angalau mara moja, mwamkieni mzee aliye kivulini, tazameni kuta, na vigae viacheni pale pale. Vina wenyewe, na wenyewe ni ninyi. Kwaherini.