Viungo Vyetu na Baridi ya Minnesota

Naomba tuongee kidogo kuhusu magoti, viuno na mabega yanayotusumbua kuanzia Novemba hadi Machi.

Wengi tunailaumu baridi peke yake. Kweli, baridi hukaza misuli, na mishipa ya damu ya mikononi na miguuni husinyaa. Lakini kwa maoni yangu, kinachotuumiza zaidi ni kujifungia ndani. Mama aliyekuja kulea wajukuu alizoea kwenda sokoni, shambani na kwenye ibada kwa miguu. Hapa anashinda kwenye kochi, na jioni akitaka kuinuka anashika mkono wa kochi, ananyanyuka nusu, anakaa tena. Goti lisilotembezwa hukakamaa. Jamani, mtoeni! Mpelekeni Mall of America pale Bloomington: kuna joto, sakafuni hakuna barafu, na wapo wanaokwenda kutembea tu bila kununua kitu. Aanze na dakika kumi.

Nanyi mnaohudumia wazee, najua mnavyotoka shifti ya usiku mmechoka, kisha mnakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa nguvu zote huku misuli imepoa. Zungusheni mabega kwanza, mchuchumae mara kadhaa. Fanyeni hivyo pia kabla ya kumnyanyua mgonjwa au kushika koleo la theluji.

Halafu kuna jua. Minneapolis iko takriban nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta. Jua la Januari halina nguvu ya kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Vitamini hiyo ikipungua sana, mifupa huuma na misuli hulegea. Mwombeni daktari awapime damu.

Nawasihi pia kuhusu dawa za maumivu za diklofenaki tunazoagiza kutoka nyumbani. Mwenye presha, vidonda vya tumbo au matatizo ya figo asizimeze bila daktari kujua. Na mtoto mwenye selimundu avalishwe vizuri, anywe maji ya kutosha, maana baridi inaweza kumwamshia maumivu makali mno.

Kiungo kikivimba ghafla na kuwa cha moto, hasa pakiwa na homa, msisubiri kuona wekundu, maana kwenye ngozi yetu hauonekani vizuri. Acheni kuchua, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.