Majengo Yaliyochelewa Kuzaliwa: Urithi wa Ngara na Biharamulo Mbele ya Sheria



Mazungumzo ya majengo ya kale nchini kwetu huanzia Kilwa, hupitia Bagamoyo na kuishia Mji Mkongwe. Jioni hii naomba tuende magharibi mwa Ziwa Victoria, kwenye wilaya mbili za Kagera, Ngara na Biharamulo, ambazo vitabu vya watalii huzitaja kwa mstari mmoja, vikizitaja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililosimamishwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baadaye halina ulinzi huo mpaka Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Kwa mtu wa pwani, mwaka huo unaokoa misikiti, makaburi na majumba ya mawe. Huku kwetu hauokoi karibu chochote. Mwaka 1863 watawala wa Bugufi, Bushubi na Rusubi, falme za kale za wilaya hizi, walikaa katika nyumba za msonge, za miti na nyasi. Boma la Wajerumani la Biharamulo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Misheni nazo zilijenga, na baadaye zikaja ofisi za Waingereza. Historia yote ya ujenzi wa kudumu katika wilaya hizi imezaliwa ikiwa imechelewa.

Na tusiidharau ile misonge. Nyasi za paa huoza, zikabadilishwa, zikaoza tena. Makazi ya mtawala yaliendelea kusimama kwa sababu watu walikuwa na wajibu wa kuyaezeka. Serikali ilipofuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, wajibu huo ulikosa mwenyewe. Ni kweli, baadhi ya machifu walikuwa wamekwisha kuhamia nyumba za matofali na mabati. Lakini waliobaki na nyasi hawakuhitaji mtu wa kuwabomolea. Ilitosha mvua za miaka michache.

Hapo ndipo lilipo jambo langu la leo. Dar es Salaam jengo la zamani huuawa na thamani ya kiwanja. Biharamulo na Ngara viwanja bado vipo, na hakuna mwekezaji anayelala macho akiwaza ghorofa ishirini. Huku jengo hufa kwa kukosa kazi. Likiisha kukosa kazi linakosa ufunguo, kisha bati moja, kisha fremu za madirisha, na mchwa wanamalizia kenchi.

Boma la Biharamulo limepona kwa sababu lilikarabatiwa na kupewa kazi ya nyumba ya wageni. Nawajua wenzangu wasiopenda habari hiyo. Wanauliza vipi mtu atandike shuka katika ngome ya ukoloni, mahali palipoashiria kodi, kifungo na viboko. Swali ni halali, na mimi ningependa mgeni akute ukutani maelezo ya kodi hiyo kabla hajaoneshwa bafu. Ila mgeni aliyelipia chumba havumilii paa linalovuja, na lalamiko lake asubuhi lina nguvu kuliko barua kumi za idara yoyote. Makanisa nayo yana msiba wa namna nyingine: waumini wanaongezeka, kanisa la zamani linakuwa dogo, na mara nyingi linavunjwa na wale wale wanaolipenda.

Kulitumia jengo pekee, hata hivyo, hakutoshi. Kuta za zamani zilizoungwa kwa udongo na chokaa hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua likiwaka. Fundi akija na saruji akapiga plasta nzito nje, jengo linapendeza siku ya kukabidhi kazi. Baada ya misimu miwili, maji yaliyopenya kwenye ufa au kupanda kutoka kwenye msingi hayana pa kutokea. Yanahamia ndani. Rangi inavimba, chumvi inachomoza ukutani kama unga wa muhogo, na plasta inabanduka kwa mapande pamoja na uso wa tofali. Bajeti inayofuata inaagiza saruji zaidi. Fedha nazo si kinga: jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililomo katika eneo la Urithi wa Dunia, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wawili wakafariki.

Ngara ina hasara ngumu zaidi kuipima. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24. Kambi yao ya Benaco, wilayani Ngara, ikaelezwa kuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania. Ulikuwa mji wa miti na maturubai, na Desemba 1996 watu wake wakarudishwa kwao. Tukio kubwa kuliko yote katika historia ya wilaya hiyo halikuacha jengo ambalo mwanafunzi anaweza kuoneshwa. Kigezo cha 1863 hakiwezi kuhifadhi kitu cha aina hiyo, na sidhani kama kigezo chochote cha umri kinaweza.

Maombi yangu kwa halmashauri hizi mbili ni madogo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inazipa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Itungwe moja inayosema kwamba jengo lolote la umma lililojengwa kabla ya Uhuru lisibomolewe wala kupigwa plasta ya saruji kabla halijapimwa, kupigwa picha na kujadiliwa na baraza la madiwani. Vifaa ni futi kamba, simu yenye kamera na afisa ardhi aliyeruhusiwa kutoka ofisini. Fundi wa chokaa ndiye atakayekuwa adimu, kwa hiyo vyuo vya ufundi vianze naye.