Kamba Moja kwa Kingo Zote za Mto



Tumekutana kuzungumzia Mto Miyombo, ambao maji yake twayanywa, twafulia na kunyweshea bustani. Maji hayo hayaishii hapa. Huingia katika Mto Wami na kufika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Basi udongo unaoporomoka Ulaya ni hasara yetu, na tena ni mzigo wa jirani tusiyemjua. Gharika ya Desemba 2009 na Januari 2010 ilituonyesha mto unavyoweza kuvunja tuta, kuzoa nyumba na kung'oa reli mjini Kilosa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, yakataza shughuli za kudumu, na zile ziwezazo kuudhuru mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sheria hiyo ni njema. Lakini mara nyingi anayefukuzwa kwanza ni mama mwenye matuta matatu ya mchicha, ilhali mwenye shamba kubwa na pampu hungojewa hata avune. Hapo uhifadhi hugeuka dhuluma. Nasi wa wilaya hii twajua ugomvi wa ardhi na maji unafikia wapi: Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji.

Kwa hiyo twapenda wanafunzi waupime mto wenyewe. (Sisi tuliolelewa seminari twakumbuka jembe lilivyokuwa adhabu, tusiwafundishe watoto kuuchukia mti kwa njia hiyo.) Wajaze chupa ya kioo maji ya mto, waiache bila kuitikisa hata kesho yake, kisha wapime tope kwa rula. Warudie mahali pale pale baada ya kila mvua kubwa, wakiandika tarehe. Wageuze mawe penye kina kifupi, mwalimu akiwapo, watazame wadudu wadogo waishio chini yake. Baadhi yao hawavumilii maji machafu, na wakitoweka hiyo ni dalili.

Kisha wasokote kamba ya katani, zao ambalo Kilosa yalijua vema, yenye urefu wa mita 60. Kamba hiyo hiyo ipite shamba la kila mtu, ng'ambo zote mbili, likiwamo la mwenyekiti na la parokia. Matokeo yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji, imtafutie mnyonge kiwanja kingine kabla ya kumwambia ahame.

Ukingoni tuotesheni mikuyu na matete. Mikaratusi ibaki mbali, maana hunywa maji mengi.

Tuanze Jumamosi, saa moja asubuhi. Kila mwanafunzi aje na chupa, na wazazi waje na katani.