Kompyuta ya Ngome Inapogoma Kuwaka: Tuanzie Wapi?

Matini ya mazungumzo ya elimu kwa watumiaji, Bagamoyo



Wenyeji wa mji wenye Ngome Kongwe hawahitaji kuelezwa kazi ya ngome. Programu ya ngome ya mtandao, ambayo mafundi huiita faiawoli, hukaa kati ya intaneti na vifaa vyenu, ikiamua kipi kipite na kipi kizuiwe. Zipo zinazopatikana bila malipo, kama vile OPNsense na pfSense, nazo huwekwa katika kompyuta ndogo yenye matundu mawili ya kebo ya mtandao: moja la kupokea intaneti, jingine la kuipeleka ndani.

Tatizo tunalolizungumzia leo ni kompyuta hiyo kugoma kuwaka. Mwenye nyumba ya wageni akishachoka, huichomoa na kuunganisha kebo moja kwa moja, akisema ni kwa leo tu. Lakini ndani ya mtandao wake zimo nakala za pasipoti na namba za simu za wageni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mwingine hukimbilia kununua kompyuta mpya, ilhali ya zamani ni nzima.

Ushauri wetu ni huu: kabla ya kutoa fedha, tambueni kompyuta imekwama katika hatua gani. Kila hatua ina dalili yake na dawa yake.

Hatua ya kwanza ni umeme. Ikiwa hakuna taa wala sauti ya feni, tazameni adapta. Volti zilizoandikwa juu yake sharti zilingane na zile zilizoandikwa kwenye kompyuta, na ampea zisipungue. Adapta ya volti 19 haifai kwa kompyuta ya volti 12, hata kama plagi inaingia. Huku kwetu pwani, hewa ya chumvi nayo huleta kutu kwenye plagi na matundu, yakagueni.

Hatua ya pili ni kioo. Ikiwa taa inawaka lakini kioo ni cheusi tangu mwanzo, zimeni, chomoeni umeme, kisha itoeni RAM na kuirudisha ikae sawasawa. Ikiwa nembo ya mtengenezaji inatokea, maandishi machache yanapita, kisha kioo kinanyamaza, huenda mmepakua toleo la serial. Toleo hilo hupeleka maandishi yake kwenye tundu la konsoli, wala si kwenye kioo. Pakueni toleo la kioo, ambalo OPNsense huliita VGA.

Hatua ya tatu ni flashi. Kompyuta ikisema haioni kifaa cha kuwakia, jiulizeni faili liliwekwaje. Halinakiliwi kama wimbo. Huandikwa kwa programu maalumu, mfano Rufus au balenaEtcher. Kabla ya kuliandika, linganisheni alama yake ya SHA-256 na ile iliyotangazwa na watengenezaji, maana faili lililokatika njiani huharibu kazi yote. Kisha ingieni katika BIOS, itangulizeni flashi katika mpangilio wa kuwaka, na mzime kipengele kiitwacho Secure Boot, kwa kuwa programu hizi mbili hazikubaliani nacho.

Hatua ya nne ni pale maandishi yanapoteremka kisha yakasimama penye neno mountroot. Hapo programu imekwisha kuanza, ila haijaiona flashi. Ihamishieni kwenye tundu la USB 2 au tumieni flashi nyingine. Fundi anaweza pia kuweka agizo kern.cam.boot_delay=10000, ambalo huifanya kompyuta isubiri sekunde 10 kabla ya kuitafuta.

Hatua ya tano huja baada ya kazi kwisha. Kompyuta ikirudia kuomba kuwekewa programu, ondoeni flashi. Ikiwa inawaka vizuri lakini inagoma kila umeme unapokatika, tazameni saa yake. Ikionyesha tarehe ya miaka iliyopita, betri ndogo ya ndani, aghalabu ya aina ya CR2032, imekwisha, na mipangilio ya BIOS inapotea pamoja nayo. Betri hiyo ni ya bei ndogo kuliko kompyuta mpya. Aidha, wakati wa kuweka programu chagueni mfumo wa faili wa ZFS, unaostahimili kukatika kwa umeme kuliko UFS, na mkiweza wekeni UPS.

Kwa anayekusudia kununua kompyuta iliyotumika, mwombeni muuzaji aiwashe na kuifungua BIOS mbele yenu kabla ya kulipa. BIOS iliyofungwa kwa nywila isiyojulikana itawakwamisha katika hatua ya tatu. Hakikisheni kichakato ni cha Intel au AMD cha biti 64, dai risiti, na mpige picha ya ujumbe wowote wa hitilafu unaotokea kwenye kioo. Picha hiyo humwonyesha fundi pa kuanzia, na risiti ndiyo ushahidi wenu mbele ya muuzaji. Muuzaji akikataa kuwajibika kwa bidhaa mbovu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia.

Na ikiwa hamna budi kutumia intaneti kabla ngome haijarudi, kompyuta yenye kumbukumbu za wateja isiunganishwe. Wageni watasubiri risiti ya kuandikwa kwa mkono. Taarifa zao zikishaibwa, hazirudi.