Matunda ya Mwituni na Mtumishi Aliye Ugenini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa kusema juu ya matunda ya mwituni yaliwayo. Huenda mtu akauliza, jambo hili lamhusu nini karani? Lamhusu sana, kwa kuwa karani ni mtu wa kuhamishwa. Aliyekulia Tanga ajua mafuu na mabungo tangu utotoni. Akipelekwa Tabora, penye misitu ya miombo, huwa mgeni, na watoto wake huwa wageni zaidi, nao ndio waingiao porini.

Wengi husadiki kwamba tunda aliwalo na ndege, mtu naye aweza kulila. Sivyo. Ndege huweza kumeza mbegu ngumu na kuitoa nzima, bali mtoto huitafuna. Hiyo ndiyo hatari ya mturituri, wenye mbegu nyekundu zilizo na doa jeusi, ambazo watu huzitunga kama ushanga: mbegu ikitafunwa, sumu yake yaweza kuua. Wengine hutegemea ulimi, wakidhani kila sumu ni chungu. Mbegu za mbono kaburi, tunaoupanda kuwa ua, zina ladha kama ya karanga, nazo hutapisha na kuharisha vibaya. Ndulele nayo ikiiva huwa ya manjano, mfano wa nyanya ndogo.

Hata tunda lijulikanalo lina masharti yake. Tonga lililoiva huliwa nyama yake. Likiwa bichi lina sumu, na mbegu zake hazitafunwi. Mtonga ni wa jamaa moja na mti wa Bara Hindi utoao strikinini, kwa hiyo si kila tunda lifananalo na tonga ni la kuliwa.

Basi, ufikapo kituo kipya, mtafute mama mtu mzima wa mahali pale, ambaye yeye na wanawe hula tunda hilo. Akuonyeshe mti wenyewe, majani yake, gome na miiba. Umwulize huliwa lini, na kitu gani hutemwa. Jina pekee lisikutoshe, maana jina moja huitwa miti miwili katika nchi mbili. Asipokuwapo wa kuuliza, tunda libaki mtini.

Mtoto akiisha kula asichokijua, mtoeni mabaki kinywani, wala msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, msingoje augue, kwani sumu nyingine hukawia saa nyingi. Chukueni na tawi lenye jani na tunda, mganga apate kulitambua.